Hodi kwenye Mlango wa Bahari

Steinvær, 3 Mei 2014

Mdogo wangu Eilif,

Leo nyuzi joto mbili, upepo wa kaskazini-mashariki, theluji bado imekaa kwenye kivuli cha kanisa. Shakwe wamerudi tangu Pasaka na wamejaa kwenye madirisha ya kiwanda cha samaki cha zamani. Watu wanalalamikia kelele zao. Mimi siwasikii. Hiyo ndiyo faida pekee niliyoachiwa na mashine za kukata minofu, na ndiyo maana unapata barua badala ya simu.

Nakuandikia kwa sababu jana alikuja Tordis, mjukuu wa Aslaug aliyekuwa na duka la kamba. Sasa yuko kwenye kamati ya wachoraji wa kuta za nyumba. Nimpe haki yake, kafunzwa adabu ya hapa: aliingia kwa mlango wa jikoni bila hodi, akaketi kwenye kiti cha kando ya mlango, akangoja mpaka nimsemeshe. Siku hizi mlango wa bahari, ule wa mbele, unabishwa na watalii majira yote ya joto, nami nimeacha kuufungua. Wanaouliza picha iko wapi na wanaouliza choo kiko wapi, wote ni wale wale.

Kamati inaomba ukuta wetu wa upande wa bahari. Ukuta mzima, kutoka msingi hadi paa. Tordis anasema kila meli inayoingia itauona kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Magnhild wa jirani alikuwepo, kama kawaida yake kahawa ikiwa tayari. Akamwambia, "Ehe, Tordis, umekuja kumpima jeneza?"

"Bibi wewe! Ni heshima hii."

"Heshima gani? Mlichora nyumba ya Harald, Harald akiwa ameshaondoka. Mkachora ya mwalimu, mwalimu ameshaondoka. Huyu hajaenda popote. Huyu hapa, anakula mkate."

Msichana akawa mwekundu hadi masikioni. Akasema amesikia tu kwamba chumba kimepatikana Solbakken, kwenye nyumba za wazee, na kwamba jina langu limo.

Ni kweli. Chumba kipo, jina langu limo. Wanataka jibu kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Yohana, tarehe 24 Juni.

Pengine hujui utaratibu wao, maana ulipokuja kumzika mama wachoraji walikuwa hawajaanza. Hawachori nyumba yenye mtu. Wanachora zilizoachwa, na ikishachorwa hakuna anayeruhusiwa kubandua ubao wala kubadili dirisha. Wageni wanashuka melini, wanapiga picha, wanasema mji gani huu wenye furaha hivi. Sisi tukipita tunasoma nani hayupo.

Nimemwambia Tordis nyumba hii ni ya watu wawili na siwezi kujibu peke yangu. Basi nakuuliza. Wewe wasemaje?

Dada yako,
Oddlaug


Drammen, 12 Mei 2014

Dada Oddlaug,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikiwa nimesimama dirishani. Nadhani nimekuelewa. Wewe hukuwa mtu wa kuomba tangu utotoni. Ukitaka kipande cha mwisho cha mkate ulikuwa unauliza kama kuna mtu mwingine anakitaka.

Basi sikiliza. Kama chumba cha Solbakken kina joto na hakina ngazi, nenda. Usiishikilie nyumba kwa ajili yangu. Umeishika miaka yote hii, umepaka rangi, umekoleza moto, umechota theluji mlangoni, wakati mimi nilikuwa nakagua tiketi kwenye treni za kusini. Sina haki ya kukuambia ubaki hata siku moja zaidi. Waambie kamati ndiyo. Nami niliona picha za Steinvær gazetini mwaka jana, nikawaonyesha watu na kusema, mimi natoka hapo. Baba angecheka kuona ukuta wake unatazamwa na meli nzima.

Mimi sijambo. Tangu mke wangu Solveig afariki nimejipangia mambo ili siku zisilale. Jumanne kwaya, Alhamisi karata na majirani, Jumapili mara nyingi nakula kwa watu. Usinihofie kabisa.

Nitumie hiyo karatasi ya kamati, nitatia sahihi.

Mdogo wako,
Eilif


Steinvær, 20 Mei 2014

Eilif,

Jibu nimelipata. Nyuzi tano, mvua nyembamba.

Karatasi naiambatisha. Weka sahihi mahali palipo na alama.

Mwaka huu ilikuwa zamu ya ukuta wa bahari kupakwa rangi. Unakumbuka taratibu za baba: nyuma nyekundu kwa sababu nyekundu ilikuwa rahisi, mbele nyeupe kwa sababu mbele ndiyo inayoonekana na meli. Nilikuwa nimeshaukwangua nusu, mpaka mahali mkono unapofika bila ngazi. Kopo la rangi nyeupe nimelirudisha chini ya ngazi za ndani bila kulifungua. Wachoraji wana rangi zao.

Jambo moja la kukuarifu. Siku tuliyomzika mama, ulisimama jikoni na koti lako, ukasema ukistaafu utarudi kulala kwenye chumba cha juu, ila godoro lile la baba litakuvunja mgongo. Vuli iliyofuata niliagiza godoro jipya kwa meli. Limekaa humo na plastiki yake. Jana nimempa Magnhild, maana la kwake limebonyea.

Nafurahi kwamba kusini una watu.

Oddlaug


Drammen, 29 Mei 2014

Dada,

Sikujua habari za godoro. Kusema nilisema, sasa nakumbuka hata mahali niliposimama. Lakini sikujua kwamba kuna mtu aliyenisikia.

Karatasi iko hapa mezani. Sijatia sahihi bado, kalamu inakataa. Kuna jambo nataka kukwambia na barua si mahali pake.

Mwezi wa Juni sitakuwepo nyumbani kwa siku kadhaa. Wastaafu wa reli wana safari yao ya kila mwaka. Nikirudi tutayamaliza.

Eilif


Steinvær, 16 Juni 2014

Mdogo wangu Eilif,

Nyuzi kumi na moja, bahari imelala kama shuka. Jua halituondokei hata usiku siku hizi, nimetundika blanketi kwenye dirisha la chumbani.

Natumai safari ya wastaafu ilikuwa nzuri na mlipata hali nzuri ya hewa. Hapa wachoraji wameshafika. Wa kwetu ni kijana wa Kireno, mwembamba, anavaa kofia ya sufu watu wengine wakiwa na fulana. Anapita kila siku na kuutazama ukuta, kisha anaondoka, kwa sababu sahihi yako haijafika na Tordis hamruhusu kugusa. Namwonea huruma. Nimempa samaki mkavu, akamtafuna kama mtu anayekula kiatu cha mkwewe, kwa heshima.

Nikuchekeshe kidogo. Juzi meli ilileta watu wengi kuliko kawaida, mji ukajaa makoti ya rangi zote. Mimi na Magnhild tulikuwa jikoni na kahawa. Nikahisi hodi. Nasema nikahisi, maana hodi ya mlango wa bahari naipata kwa nyayo, sakafu inatikisika. Tatu, kimya, tena tatu, za nguvu.

"Mlango wa bahari," nikamwambia Magnhild.

"Nani huyo?"

"Mtu asiyetoka hapa. Nani wa hapa anabisha?"

"Anataka choo," akasema Magnhild. "Hodi ya choo hiyo, haina subira."

Nikacheka nikamwaga kahawa. Magnhild naye akaanza, unajua kicheko chake, hata mimi nakisikia. Tukaziba midomo kwa taulo za vyombo kama wasichana waliojificha kabatini. Hodi ikaja tena mara moja, kidogo tu, kisha basi. Magnhild akaenda kuchungulia pembeni ya pazia la sebuleni.

"Mwanamume," akasema. "Koti zuri. Anarudi gatini. Shoga, ana boksi la keki!"

"Keki?"

"Nakwambia, ameshika kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Siku hizi watalii wanatembea na keki. Tungemfungulia!"

Tulicheka mpaka akaondoka kwenda kupika. Baadaye nyumba ilipotulia nikaandika kwenye daftari langu la kila siku: hodi mlango wa bahari, sikufungua. Nikakaa na kalamu nikijiuliza kwa nini jambo dogo hivyo limenishika. Nadhani ni kwa sababu alibisha mara ya tatu kidogo. Watalii hawabishi kidogo.

Haya. Solbakken wanangoja jibu langu. Tuma karatasi.

Dada yako,
Oddlaug


Drammen, 22 Juni 2014

Dada Oddlaug,

Hakukuwa na safari ya wastaafu. Mwenye boksi alikuwa mimi.

Nilipanda ndege mpaka kaskazini kisha nikaingia melini, ili niuone mji kutoka baharini kama baba alivyokuwa akiuona. Niliona nyumba zilizochorwa kabla hatujafunga gati. Ya Harald ina ndege mkubwa mwenye uso wa mtu. Ya mwalimu ina mikono miwili iliyoshika nyavu. Watu waliokuwa kando yangu walishangilia. Mimi nilikuwa natafuta ukuta mweupe, nikauona, chini umekwanguliwa na juu mzima, kama mtu aliyenyoa nusu ya ndevu akaitwa nje.

Sanduku langu nililiacha chumbani melini. Nilijiambia nitalifuata nikishakunywa kahawa. Keki ilikuwa ya lozi, ile ya duka la hapa Drammen, uliyoisifu mwaka wa maziko. Nimeibeba mapajani safari nzima, hata kwenye ndege.

Nilipanda kile kilima, miguu ikanipeleka yenyewe upande wa nyuma, kwenye mlango wa jikoni. Nikauona moshi. Nilikuwa nimeshainua mkono kushika kitasa. Hapo nikafikiri: mtu aliyekaa miaka kumi na moja bila kukanyaga hapa, ambaye hakuja hata ulipovunjika mkono, anaingiaje kama aliyetoka kuchukua kuni? Aliyekuandikia kwamba usiishikilie nyumba, ukampa jirani godoro? Nikaona adabu ni kuzunguka mbele na kubisha kama mgeni. Nikabisha kama mgeni.

Nilisikia kicheko. Kicheko cha Magnhild kinavuka mbao za baba bila shida. Nikajua mko ndani na mmenisikia. Nikaita jina lako, lakini sauti yangu haikuvuka mbao hizo. Nikadhani mmenichungulia, mmenitambua, na hilo ndilo jibu. Nikabisha mara ya mwisho ili nisije nikajilaumu baadaye.

Melini niliiweka keki kwenye benchi la sitaha. Shakwe waliimaliza kabla hatujatoka bandarini.

Sasa barua yako imefika, nimeisoma nimeketi kwenye ngazi za jengo kwa sababu sikuweza kungoja kufika juu. Mlicheka kwa sababu ya choo! Dada, nimecheka peke yangu pale ngazini mpaka mama mmoja wa ghorofa ya pili akaniuliza kama naumwa. Nimekaa karibu naye miaka sita, na hilo ndilo neno la kwanza aliloniambia.

Hakuna kwaya. Nilikwenda mara moja, wakanipa kitabu cha nyimbo, sikurudi. Hakuna karata. Jumapili nakula nimesimama, ni haraka zaidi. Nilikuandikia vile kwa sababu nilidhani unataka kwenda Solbakken na unaogopa kuniacha. Sasa najiuliza kama nawe ulikuwa unaniuliza kitu kingine.

Karatasi sitatia sahihi. Tarehe nne Julai meli inaingia Steinvær mchana. Nitashuka na sanduku langu. Nitazunguka nyuma, na safari hii sitabisha.

Eilif


Steinvær, jikoni kwetu, 4 Julai 2014

Dada Oddlaug,

Nakuandikia kwa kalamu niliyoazima kwa mchoraji, kwenye karatasi ya kamati, upande usioandikwa kitu.

Nimeingia kwa mlango wa jikoni. Mlango ulikuwa wazi kama siku zote, lakini jiko limepoa. Mapazia hayapo. Meza ipo, nadhani ilikuwa kubwa mno kwa huko uliko, na kiti cha kando ya mlango kipo. Vingine vyote vimeondoka. Mahali palipokuwa na saa ya mama pamebaki duara safi ukutani.

Niliita jina lako mpaka juu. Chumbani niliona alama za miguu ya kitanda sakafuni, basi.

Nikatoka nje. Upande wa bahari wameshasimamisha vyuma, na yule Mreno wako yuko juu anaosha mbao kwa brashi. Akaniona nikiwa na sanduku, akaniita kwa Kinorwe chake cha kuungaunga, "Baba, samahani! Nyumba hakuna mtu!"

Nikamwambia, "Sasa ina mtu."

Hakunielewa, au alinielewa sana, kwa sababu aliweka brashi chini akateremka. Tukaketi kwenye kizingiti. Anasema Tordis amemruhusu kuosha tu, kuchora bado, mpaka sahihi ya pili. Akaniuliza kama ndiyo mimi sahihi ya pili. Nikamwambia ndiyo, na kwamba haiji. Nilidhani atakasirika. Akatazama juu kule alikokuwa anaosha, akasema mbao ni nzuri, zimepakwa na mtu anayezipenda, na kwamba nyumba tupu hazijawahi kukosekana mji huu.

Kisha nikafungua sanduku la barua. Barua yangu ya tarehe ishirini na mbili ilikuwa humo, imefungwa. Ndipo nikaelewa kwamba hujui lolote. Hujui aliyekuwa na keki. Hujui naja leo. Umehama ukiwa na neno langu lile la Mei tu, kwamba usiishikilie nyumba kwa ajili yangu.

Magnhild amenikuta hapa. Alipiga kelele, akanipiga bega, akaniita kondoo mzee na majina mengine siwezi kuyaandika. Anasema uko Solbakken tangu siku moja kabla ya Mtakatifu Yohana. Anasema twende. Nimemwambia siendi. Mlango wa huko una kengele, anasema, na lazima ubonyeze, na mimi nimeshabisha mlango wako mara moja nikakosea.

Kwa hiyo nimefanya nilivyopaswa kufanya mwezi uliopita. Nimeketi kwenye kiti cha kando ya mlango, na koti langu, na sanduku miguuni. Baba alisema anayeketi hapo hasemi kabla ya mwenyeji, na haondoki kabla ya kusemeshwa. Magnhild anakuletea barua hii pamoja na ile. Isome ile kwanza.

Ukisema niende, nitaenda. Meli bado iko gatini.

Eilif


Solbakken, chumba cha mwisho, 4 Julai

Mdogo wangu,

Nyuzi kumi na nne, hakuna upepo.

Nimesoma zote mbili. Magnhild amesimama mbele yangu na viatu vya bustani, hataki kuketi, ananipigia kelele kwenye sikio lililo bora: "Andika haraka, mwanamke! Mtu amekaa kule kama gunia la viazi!" Nimemwambia barua haiandikwi kwa kukimbizwa, lakini naandika haraka, basi utanisamehe mwandiko.

Hapa wanabisha wote. Muuguzi anabisha, mleta chakula anabisha, hata mwenzangu wa chumba cha pili, tuliyefanya naye kazi mezani kiwandani miaka yote ile, anabisha. Kisha wanaingia kabla sijajibu. Sijazoea. Kila hodi nainua kichwa nikidhani ni mtu nisiyemjua, na mara zote ni kweli.

Ulijiuliza kama nilikuwa nakuuliza kitu kingine. Nilikuwa nakuuliza kama utarudi. Ningeandika wazi, ungejibu wazi. Sikuandika wazi, na siwezi kumlaumu aliyebisha wakati mimi mwenyewe nilikuwa nabisha kwa karatasi.

Ngazi za ndani siziwezi tena kila siku, usije ukadhani nimekuja huku kwa hasira tu. Magoti yamekwisha. Sijui nitalala wapi msimu wa giza na baridi ukija, huku au huko. Lakini sebule ina nafasi ya kitanda, na kopo la rangi nyeupe liko chini ya ngazi. Usilifungue mpaka nifike, lazima likorogwe vizuri na wewe hukuwahi kukoroga vizuri. Kijana wa Kireno mwambie abaki kwa kahawa. Godoro Magnhild anasema amelilalia wiki sita na halirudi.

Sasa navaa koti. Usije kunipokea. Kaa pale pale, nataka nikukute pale, na neno la kwanza ni langu. Nitaingia kwa mlango wa jikoni na sitabisha.

Itanichukua muda pale kilimani. Meli itaondoka kabla sijafika kanisani kwa mwendo huu wangu. Mimi honi yake siisikii tena. Ikilia, wewe usiinuke.

Dada yako,
Oddlaug